Mwale Unahitaji Mjuzi: Nafasi za Mafunzo na Utafiti katika Sayansi ya Vichapuzi vya Chembe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa jina, kitengo cha tiba ya mionzi huwa kimekwisha kuanza kazi. Nyuma ya mlango mzito, ndani ya chumba chenye kuta za zege ambazo unene wake waweza kufikia mita mbili, mwanafizikia tiba hupanga juu ya kitanda cha matibabu vipande vya plastiki maalumu vinavyosimama badala ya mwili wa binadamu. Katikati ya vipande hivyo hupachika kipima mionzi kidogo, kisha hutoka, hufunga mlango na kuwasha mwale akiwa katika chumba cha udhibiti. Namba inayotokea kwenye skrini huilinganisha na namba inayotarajiwa. Tofauti ikizidi asilimia 3, mashine haitumiki kumtibu mtu yeyote mpaka chanzo kijulikane.

Wagonjwa walioketi nje kwenye mabenchi, mafaili mapajani, hawaioni kazi hiyo. Wapo waliosafiri usiku kucha kwa basi, na wapo waliopanga chumba karibu na hospitali kwa wiki tano au sita ili wasikose hata siku moja ya matibabu. Wanachokiona wakiingia ni mashine kubwa inayowazunguka taratibu bila kuwagusa, na si ajabu wakaamini kwamba mashine hiyo ndiyo inayotibu.

Mashine hiyo ni kichapuzi cha chembe, ndugu mdogo wa mitambo mikubwa inayotumiwa na wanafizikia kuchunguza asili ya maada. Haina akili ya kumtambua mgonjwa wala ya kujua kwamba imekosea. Kinachoifanya iponye badala ya kudhuru ni elimu ya watu wanaoipima, wanaoipangia kazi na wanaoitengeneza. Watu hao bado ni wachache mno katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, njia za kuwapata zipo, na nyingi kati yake hazijulikani vya kutosha miongoni mwa vijana wanaosoma fizikia na watumishi wa afya wanaotaka kujiendeleza.

Kutoka maabara hadi wodini

Kichapuzi cha chembe ni mtambo unaotumia nguvu za umeme kuziongezea kasi chembe ndogo zenye chaji, kama vile elektroni na protoni. Mwaka 1928 Rolf Widerøe, mhandisi kijana wa Kinorwei aliyekuwa akisoma Aachen, Ujerumani, alichapisha tasnifu iliyoonesha kwamba chembe zaweza kusukumwa hatua kwa hatua katika mstari ulionyooka, kila msukumo ukiongeza nguvu juu ya ule uliotangulia. Huko Marekani, Ernest Lawrence alivutiwa na wazo hilo akabuni saiklotroni, mtambo unaozizungusha chembe badala ya kuzipeleka katika mstari mmoja. Mwaka 1939 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Tiba haikuchelewa kunufaika. Mwaka 1953 mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa kichapuzi cha mstari katika Hospitali ya Hammersmith, London. Miaka mitatu baadaye madaktari na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walimtibu mtoto wa miaka miwili aliyekuwa na saratani ya jicho. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuondolewa. La pili liliokolewa, na mtoto huyo akakua akiona.

Mashine ya leo, ambayo watumishi wa hospitali huiita LINAC, hufanya kazi kwa kanuni ileile. Elektroni hutolewa na kipande cha metali kilichopashwa moto, zikaingia katika bomba lisilo na hewa ndani yake. Humo husukumwa na mawimbi yenye masafa ya takribani megahezi 3,000, yanayofanana na mawimbi ya rada. Zinapofika mwisho wa bomba huwa zinakaribia kasi ya mwanga. Zikigonga kipande cha tungsteni, nguvu yake hubadilika kuwa eksirei kali zinazoweza kupenya mpaka ndani kabisa ya mwili. Kabla ya kumfikia mgonjwa, eksirei hizo hupita katikati ya vipande vyembamba vya metali vinavyosogea kimoja kimoja, vikauchonga mwale uwe na umbo la uvimbe ili viungo vya jirani vipate mionzi kidogo iwezekanavyo.

Hapa kuna jambo ambalo mgonjwa na ndugu zake wanastahili kulifahamu. LINAC huzalisha mionzi pale tu inapowashwa. Ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki chumbani wala mwilini mwa mgonjwa. Mama aliyetoka kwenye tiba hii anaweza kumpakata mtoto wake, kupika na kulala na familia yake bila kumdhuru mtu. Mashine za zamani za kobalti hutofautiana kidogo: ndani yake mna chanzo kinachotoa mionzi wakati wote, kikiwa kimefunikwa kwa kinga nzito, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na robo hivi. Lakini hata hizo hazimwachii mgonjwa mionzi mwilini.

Dozi ya mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Katika ratiba ya kawaida mgonjwa hupewa grei 2 hivi kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba: dozi ndogo za kila siku huziangamiza seli za saratani huku zikiziachia seli zenye afya nafasi ya kujirekebisha. Ndiyo sababu mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi huweza kuhitaji vipindi 25 vya mionzi ya nje, pamoja na dawa ya kemikali kila wiki, kabla ya kukamilishiwa kwa mionzi ya ndani.

Mashine inaposimama

Kibaba hicho, hata hivyo, kina mpaka wa muda. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, matibabu yote ya mionzi yanapaswa kukamilika ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia asilimia 1. Seli za saratani zilizobaki huongezeka wakati mgonjwa akisubiri. Mashine ikisimama wiki mbili, hasara haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Uganda ilipitia jaribio hilo kwa uchungu. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya nchi hiyo, iliyokuwa imetumika tangu 1995, iliharibika pasipo kutengenezeka. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho waliokuwa na uwezo au ufadhili walisafiri hadi Nairobi na kwingineko, na wengine wakabaki kungoja. Baadaye Uganda ilipata mashine za LINAC, na kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ilianza kutumia mashine za aina hiyo mwaka 2018. Ni hatua kubwa kwa kanda ambayo kwa miaka mingi ilitegemea kobalti, na ambayo baadhi ya wagonjwa wake walilazimika kupelekwa India.

Lakini LINAC ni mashine nyeti kuliko ya kobalti. Inahitaji umeme usioyumba, maji ya kupoozea, chumba chenye ubaridi wa kutosha na bomba lisiloruhusu hata chembe ya hewa kupenya. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ulinganisho wa uharibifu wa mashine hizi katika hospitali za Uingereza, Nigeria na Botswana. Ilionekana kwamba vile vipande vyembamba vinavyouchonga mwale ndivyo vinavyosumbua mara nyingi zaidi popote mashine ilipo. Ilionekana pia kwamba katika hospitali za Afrika mashine hukaa muda mrefu zaidi bila kufanya kazi baada ya kuharibika. Kipuri kinaagizwa ng'ambo, na pengine fundi naye anaagizwa ng'ambo.

Vipuri ni suala la bajeti na forodha. Fundi na mwanafizikia ni suala la elimu, na elimu haiagizwi kwa ndege ikafika wiki ijayo.

Somo kutoka Tyler

Yupo atakayeuliza kama kuna haja ya kumsomesha mtu kwa miaka mingi ilhali mashine za kisasa zinaendeshwa na kompyuta. Jibu limo katika tukio ambalo hufundishwa mpaka leo katika vyuo vya fizikia tiba na vya uhandisi wa programu.

Kati ya 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Canada walipewa dozi kubwa kupita kiasi na aina moja ya kichapuzi, iliyoitwa Therac-25. Baadhi yao walifariki kutokana na majeraha ya mionzi. Machi 1986, katika kituo kimoja cha saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu aliandika maelekezo ya matibabu, akagundua amekosea herufi moja, akairekebisha upesi na kuendelea. Skrini ikaonesha ujumbe mfupi wa hitilafu usio na maelezo. Mgonjwa aliyekuwa ndani alihisi kama amepigwa na shoti ya umeme. Wahandisi waliitwa wakaichunguza mashine, hawakuona tatizo, nayo ikarudishwa kazini. Wiki chache baadaye mgonjwa wa pili alipatwa na jambo lilelile.

Safari hii mwanafizikia wa hospitali aliisimamisha mashine mara moja. Yeye na mwendeshaji walikaa mbele ya kompyuta wakarudia hatua zilezile, tena na tena, mpaka walipoweza kuileta hitilafu kwa makusudi. Waligundua kwamba siri ilikuwa katika kasi: mwendeshaji akirekebisha maelekezo kwa haraka, programu ilishindwa kwenda naye sambamba, na mwale ukatoka ukiwa na nguvu isiyostahili. Asiyekuwa na mazoea na mashine hiyo asingeliweza kuandika kwa kasi hiyo, na kwa hiyo asingeliliona kosa.

Funzo hapa ni kwamba usalama wa mgonjwa haukuletwa na mtengenezaji wala na kompyuta. Uliletwa na watu wawili wa hospitali, mmoja mwenye elimu ya mwale na mwingine mwenye uzoefu wa kila siku, ambao hawakukubali kuambiwa kwamba jambo waliloliona haliwezekani. Kila kituo cha mionzi kinahitaji watu wa namna hiyo, na kinawahitaji wawe waajiriwa wake, si wageni wanaopiga hodi mara moja kwa mwaka.

Nani anahitajika

Tiba ya mionzi ni kazi ya kikosi. Daktari bingwa wa saratani huamua nani atibiwe, wapi na kwa dozi gani. Mwanafizikia tiba huhakikisha kwamba dozi iliyoandikwa ndiyo inayotoka, na husimamia hesabu za mpango wa matibabu. Mteknolojia wa tiba ya mionzi humlaza mgonjwa katika mkao uleule kila siku na kuendesha mashine. Mhandisi huitunza. Muuguzi huangalia ngozi, lishe, maumivu na hofu za mgonjwa.

Ukubwa wa pengo unaonekana katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2017. Ili kukidhi mahitaji ya nchi za kipato cha chini na cha kati ifikapo 2035, ilikadiriwa kwamba zitahitajika hadi mashine 12,600 za tiba ya mionzi. Za kuziendesha, watahitajika madaktari bingwa wa mionzi wapatao 30,000, wanafizikia tiba 22,000 na wateknolojia karibu 80,000. Mashine zaweza kununuliwa ndani ya mwaka mmoja fedha ikipatikana. Mwanafizikia tiba anahitaji shahada ya kwanza ya fizikia au fani inayokaribiana nayo, kisha shahada ya uzamili, kisha mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya msimamizi. Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) inapendekeza mafunzo hayo ya vitendo yasipungue miaka miwili. Kwa hiyo nchi inayopanga kufunga mashine baada ya miaka mitano imechelewa kama haijawapeleka vijana wake darasani mwaka huu.

Milango iliyo wazi

Kwa wanaoanzia nyumbani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha shahada ya kwanza ya teknolojia ya tiba ya mionzi na shahada ya uzamili ya udaktari bingwa wa saratani, huku wanafunzi wakijifunza kwa vitendo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa kijana wa kidato cha sita aliyefaulu sayansi na asiyejua kwamba kazi hii ipo, huo ni mlango wa karibu.

Kwa wenye shahada ya fizikia, mlango unaofahamika zaidi uko Trieste, Italia. Huko ndiko kilipo Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP), kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1979. Salam alikuwa ameonja upweke wa mwanasayansi anayerudi nchi maskini akakosa wenzake wa kufanya nao kazi, naye alitaka kituo ambacho wasomi wa nchi hizo wangeweza kwenda kunoa elimu bila kulazimika kuhama nchi zao. Tangu 2014, ICTP na Chuo Kikuu cha Trieste huendesha pamoja shahada ya uzamili ya fizikia tiba ya miaka miwili, ikiungwa mkono na IAEA. Mwaka wa kwanza ni wa darasani. Wa pili hutumika hospitalini, mwanafunzi akifanya kazi kando ya wanafizikia wenye uzoefu. Ipo fursa ya ufadhili kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea.

Mlango mwingine wa ICTP uko karibu zaidi. Mwaka 2018 kituo hicho kilifungua tawi lake la Afrika Mashariki jijini Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, linalofundisha fizikia katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Halifundishi kuendesha LINAC, lakini linajenga msingi wa fizikia na hisabati ambao pasipo huo mtu hawezi kwenda mbali katika sayansi ya vichapuzi.

Kwa wanawake kuna Programu ya Ufadhili ya Marie Skłodowska-Curie, iliyoanzishwa na IAEA mwaka 2020. Humsaidia mwanamke anayesoma shahada ya uzamili katika fani za nyuklia, zikiwemo fizikia tiba na sayansi ya mionzi, kwa hadi euro 10,000 za ada na hadi euro 10,000 za kujikimu kwa mwaka, pamoja na nafasi ya mafunzo ya kazini. IAEA pia hutoa mafunzo ya muda mfupi na ziara za kisayansi kwa watumishi waliokwisha ajiriwa. Maombi ya namna hiyo hupitia taasisi ya kitaifa inayoshughulikia masuala ya atomiki, ambayo kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomi. Mtumishi anayetaka nafasi hizo hana budi kuanza na mwajiri wake, ili hospitali iijumuishe haja hiyo katika mipango inayopelekwa kwenye tume mapema.

Shule ya Fizikia ya Afrika nayo imekuwa ikiwakusanya wanafunzi kutoka pande zote za bara hili kwa wiki kadhaa za masomo. Ilianza mwaka 2010 Stellenbosch, Afrika Kusini, na mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Mada zake hugusa fizikia ya chembe, vichapuzi na matumizi yake, fizikia tiba ikiwemo. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kukutana na mtaalamu wa vichapuzi ana kwa ana, wiki hizo zaweza kumbadilishia mwelekeo wa maisha.

Kwa wanaotaka kuzama katika mitambo yenyewe, maabara ya CERN iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, yenye kichapuzi cha mviringo wa kilomita 27, hupokea wanafunzi wa vyuo vikuu kila kiangazi kwa wiki 8 hadi 13. Wanafunzi wa nchi zisizo wanachama nao hukubaliwa, wakiwa wamekwisha soma angalau miaka mitatu ya chuo. CERN pia imekuwa na shule yake ya vichapuzi tangu 1983, inayohama mji hadi mji kuwafundisha wahandisi na wanafizikia.

Bara lenyewe lina mitambo

Itakuwa kosa kudhani kwamba sayansi hii ipo ng'ambo tu. Karibu na Cape Town, maabara ya iThemba ina saiklotroni yenye uwezo wa kuzipa protoni nguvu ya megaelektronivolti 200. Kuanzia 1993 wagonjwa walitibiwa hapo kwa mwale wa protoni, na maabara hiyo imewalea wanasayansi wengi wa Kiafrika katika ngazi za uzamili na uzamivu. Nchini Jordan, mtambo wa SESAME, uliofunguliwa mwaka 2017, unatumia elektroni zinazozunguka kutoa mwanga mkali wa kuchunguzia protini, dawa na vifaa vya kale. Misri ni mwanachama wake, na watafiti wa nchi nyingine huweza kuomba muda wa kuutumia.

Saiklotroni nazo zimeingia hospitalini. Nairobi tayari inazo, zikitengeneza florini-18, kiini cha mionzi kinachounganishwa na sukari ili kuonesha saratani ilipojificha mwilini. Florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Ikitengenezwa bara jingine, kwa muda inaofika karibu yote imekwisha. Hospitali inayotaka uchunguzi huo lazima iwe na mtambo jirani, na mtambo huo unahitaji wakemia, wafamasia wa dawa za mionzi na wahandisi wa hapahapa.

Utafiti unaoigusa Afrika moja kwa moja zaidi ulianza na mkutano uliofanyika CERN Novemba 2016. Wanafizikia waliozoea kujenga mitambo ya kuvunja protoni walikaa na madaktari wa saratani kutoka nchi zinazoendelea, wakajiuliza swali jepesi: LINAC itengenezweje ili istahimili umeme unaokatika, joto, vumbi na uhaba wa mafundi? Machi 2019 mkutano wa namna hiyo ulifanyika Gaborone, Botswana. Juhudi hizo zimezaa mradi uitwao STELLA, unaolenga mashine yenye sehemu zinazoweza kuchomolewa na kubadilishwa kwa urahisi, inayojitambulisha mapema pale inapoelekea kuharibika, na isiyohitaji watumishi wengi kuliko waliopo.

Mradi wa aina hiyo hauwezi kufaulu pasipo takwimu za hospitali. Kila mara mashine inaposimama, kuna la kuandika: ni sehemu gani iliyoharibika, saa ngapi, umeme ulikuwaje, kipuri kilichukua siku ngapi, wagonjwa wangapi waliahirishwa. Mhandisi au mteknolojia anayeweka daftari la namna hiyo kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, anafanya utafiti wa vichapuzi hata kama hajawahi kukanyaga Geneva. Ulinganisho ule wa mwaka 2020 ulitokana na kumbukumbu za namna hiyohiyo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake

Mgonjwa anayeanza tiba ya mionzi ana haki ya kuuliza maswali machache, na mtumishi mwema hatakereka. Matibabu yatachukua vipindi vingapi, na yanatakiwa kumalizika tarehe gani? Mashine ikiharibika katikati, kituo kina mpango gani wa kufidia siku zilizopotea? Ni dalili zipi za ngozi, choo au mkojo anazopaswa kuzitolea taarifa upesi?

Kwa upande wake, mgonjwa asiruke siku ya matibabu kwa sababu amejisikia nafuu, au kwa sababu kuna msiba, harusi au mavuno nyumbani, bila kwanza kuzungumza na kituo. Siku anayoikosa kwa hiari ina madhara sawa na siku ambayo mashine imesimama. Akiambiwa asubuhi kwamba kuna ucheleweshaji kwa sababu mwanafizikia bado anapima, afahamu kwamba dakika hizo zinatumika kwa ajili yake.

Familia nazo zina neno la kuwaambia watoto wao. Binti anayependa fizikia mara nyingi huulizwa nyumbani atafanya kazi gani nayo, na jibu linalotolewa haraka ni ualimu. Ualimu ni kazi njema. Lakini binti huyo anaweza pia kuwa ndiye atakayesimama katika chumba cha udhibiti miaka kumi ijayo, akilinganisha namba mbili kwenye skrini wakati shangazi yake anangoja nje.

Namba hizo zikikubaliana, anasaini daftari, anavikusanya vipande vyake vya plastiki na kukiacha kitanda wazi. Mteknolojia anatandika shuka safi. Mlango mzito unafunguliwa, na jina la kwanza linaitwa.